Mama Rachida, Aliyeijua Kasungami Mlango kwa Mlango

Kama umewahi kulea mtoto mchanga Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, katika miaka hii ishirini na mitatu, basi Mama Rachida Nasoro amewahi kusimama mlangoni kwako. Alikuja na kisanduku cha baridi begani, ndani yake vichupa vya matone ya polio, na kipande cha chaki mfukoni. Akishamaliza kumpa mtoto matone yake, aliandika ukutani, pembeni ya mlango: watoto wangapi wa nyumba hii, wangapi wamepata chanjo, tarehe, na mshale wa kuonyesha anaelekea nyumba ipi. Halafu akaendelea.

Hakuwa nesi. Alizaliwa komini ya Kampemba, mojawapo ya wilaya za mji, katika ukoo wa Waislamu waliofika Lubumbashi kutoka Maniema enzi za babu yake. Baba yake alishona kanzu na kofia, na binti alisoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, basi. Akaolewa na Moussa, seremala, wakapata kiwanja Kasungami wakati kule bado kulikuwa mashamba ya mahindi na njia za miguu. Moussa alipofariki, Rachida alibaki na watoto wanne na bustani ya lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba. Mwaka huohuo kituo cha afya kikatafuta watu wa kujitolea kupita nyumba kwa nyumba, wale tunaowaita relais. Alijiandikisha. Nilipomuuliza sababu, aliniambia nyumba ilikuwa imekuwa kimya mno, akataka kusikia sauti za nyumba za wengine.

Mimi naitwa Syntiche. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na nilimfahamu Mama Rachida kwa sababu ya kisanduku kimoja kidogo katika fomu.

Wakati huo nilikuwa nimeajiriwa na huduma ndogo iitwayo Tufike. Tulikuwa na magari mawili na manesi watano, na kazi yetu ilikuwa kumfuata mgonjwa au mama mjamzito nyumbani kwake na kumpeleka hospitali. Mtu anafungua fomu yetu kwenye simu, anaandika jina, namba, shida yake, na mahali alipo. Hicho kisanduku cha mahali ndicho kilichotutesa. Watu waliandika walivyozoea kuelekezana: mlango wa bluu, mbele kidogo ya kanisa, uliza kwa mama wa makala, yule muuza mkaa. Wengine waliandika jina la avenyu peke yake, na avenyu yenyewe ina milango sabini.

Nikaona dawa yake ni ile ambayo kila mtu ameshaiona kwenye tovuti kubwa. Unaanza kuandika herufi mbili tatu, na chini ya kisanduku zinateremka anwani kamili, wewe unagusa yako. Nikaunganisha fomu yetu na ramani ya kampuni moja ya ng'ambo. Nilijaribu kwanza na anwani ya kartie ya Golf, mtaa wa majumba yenye kuta ndefu na namba za shaba getini. Herufi tatu tu, na avenyu ikajitokeza, na namba yake, na komini yake. Niliwaita wenzangu waje kuona. Sikumbuki kama kuna aliyesema tujaribu upande mwingine wa mji.

Wiki ya pili, mwanamke mmoja wa Kasungami alibanwa na pumu asubuhi. Mdogo wake alifungua fomu akaanza kuandika jina la avenyu yao. Kisanduku kilimletea mji wa nchi nyingine wenye jina linalofanana, kisha kikamletea nukta moja iliyoandikwa Kasungami, katikati ya shamba la mtu. Akagusa ile nukta. Dereva wetu Stéphane, ambaye pia ni nesi, alifika kwenye nukta akakuta mahindi. Alizunguka dakika hamsini. Alipoipata nyumba, familia ilikuwa imeshambeba mgonjwa kwa pikipiki hadi kituo cha afya, na kwa bahati alipona.

Stéphane aliporudi hakunigombeza. Alikaa, akavua viatu vilivyojaa vumbi jekundu, akasema taratibu:

"Syntiche, fomu yako inajua Golf. Bantu ba Kasungami haibajue."

Alikuwa sahihi, watu wa Kasungami fomu yangu haikuwajua. Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwenye kituo cha afya cha Kasungami kuuliza kama wana ramani. Hawakuwa nayo. Mkuu wa kituo alicheka kidogo, akasema ramani yao inamwagilia lengalenga saa hizi, akanielekeza kwa Mama Rachida.

Nilimkuta kweli bustanini, mwanamke mfupi wa miaka kama sitini, kitambaa cheupe kichwani, ndoo mkononi. Nilimweleza nilichokuja kutafuta. Nadhani nilieleza vibaya, maana nilizungumza habari za mashini na mapendekezo na data. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ndoo chini, akaniuliza nataka avenyu gani kwanza. Nikataja Mapendo, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimepita.

Akafumba macho. Nilidhani anakumbuka jambo. Kumbe alikuwa ameshaanza kutembea. Alinitajia mlango wa kwanza mkono wa kuume, bati jekundu, kisima mbele. Wa pili, nyumba ya matofali mabichi yenye milango miwili, mmoja wa mpangaji. Wa tatu umerudi nyuma, huuoni mpaka upite ukuta wa kanisa. Mkono wake ulikuwa ukisogea hewani, kulia, kushoto, kama anayegonga. Niliandika mbio hadi kidole kikauma. Alipofika mwisho wa avenyu, penye karavati la mawe, alifumbua macho akasema hapo ndipo Mapendo inapokoma, ng'ambo ni avenyu nyingine hata kama kibao kinasema vingine.

Niliichukua karatasi nikaenda Mapendo kuhakikisha. Milango arobaini na mmoja, na yote ilikuwa pale alipoiweka. Nilikuta mmoja tu zaidi, nyumba ambayo hakuitaja. Nikamuuliza fundi aliyekuwa akipaka lipu ukutani, akaniambia imeezekwa Jumamosi iliyopita. Nilisimama katikati ya njia na ile karatasi, nikaisoma upya toka mwanzo. Nilikuwa nimetafuta jambo hilo kwa kampuni ya ng'ambo yenye mashini kujaa jumba zima, nalo lilikuwa likikaa kwa mwanamke mmoja, nyuma ya macho yake, nyumba elfu kadhaa, bila kelele.

Niliporudi, alitoa madaftari. Yalikuwa kumi na tisa, yamefungwa kwa kitambaa cha kitenge. Kila ukurasa ni avenyu, kila mstari ni mlango, na mbele ya mlango majina ya watoto na chanjo zao. Nikanyoosha mkono kuyachukua, naye akaweka kiganja chake juu.

"Hizi ni za batoto," alisema. "Mulango utaandika. Jina ya mutoto haiingie mu mashini yako, hata moja."

Nilikubali. Alinitaka niseme tena, kwa sauti, mbele ya binti yake Imani aliyekuwa anachambua mboga. Nikasema tena. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa akisoma na mimi nikiandika, na daftari halikuwahi kutoka mikononi mwake.

Tulifanya kazi hiyo miezi minne. Asubuhi tulitembea. Tukifika mlangoni, yeye alisalimia, akaeleza, akaomba ruhusa, na wenyeji wakikubali alisimama mbele ya mlango nami nikabonyeza simu ili sehemu ile ihifadhiwe. Watu waliokuwa wakiniangalia mimi kwa mashaka walimwona yeye wakaleta viti. Mchana tulikaa kwake tukipanga tuliyoyapata.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jina la mahali si kitu kimoja. Avenyu moja kibao chake kinasema Tshisenda, kwa maandishi ya Kifaransa, lakini vijana wanaandika Chisenda, na wengine Cisenda. Ilibidi niifundishe fomu kwamba hizo tatu ni moja. Nyingine ilibadilishwa jina miaka kumi iliyopita na hakuna anayetumia jina jipya, isipokuwa barua za serikali. Nikaweka yote mawili. Kuna sehemu ambazo hazina avenyu kabisa, zina mtu tu. Kwa mfano penye njia nne upande wa mashamba, kila mtu anasema kwa Mama Kiki, kwa sababu Mama Kiki anauza makala pale tangu njia zenyewe hazijawa nne.

Mama Rachida alisema jina la mtu mzima nalo haliandikwi hivihivi. Tukaenda kumuuliza mwenyewe. Mama Kiki alifuta mikono yake myeusi kwenye kitenge, akauliza kama ina maana mtu mgonjwa ataandika jina lake na gari litakuja. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama jina lake litaendelea kutumika hata akishakufa. Mama Rachida akamwambia hiyo itategemea watu, kama wataendelea kulisema. Mama Kiki akakubali.

Siku fomu mpya ilipokuwa tayari, nilimpelekea Mama Rachida simu nyumbani. Nilikuwa nimeipanga ili orodha ikae ndani ya simu yenyewe, isimalize mega za intaneti za mtu, na ifanye kazi hata mtandao ukiwa dhaifu. Nilimwomba aandike herufi tatu, zozote anazotaka. Aliweka miwani. Kwa kidole kimoja aliandika m, a, p. Chini ya kisanduku ikateremka Mapendo, bati jekundu, penye kisima. Mapendo, milango miwili. Mapendo, nyuma ya ukuta wa kanisa. Alifuta, akaandika nyingine, ikateremka Kwa Mama Kiki, njia nne. Aliendelea hivyo, akifuta na kuandika. Imani aliacha kisu na mboga akaja kusimama nyuma yake. Kila herufi tatu zilifungua njia nzima, na katika kila njia alikuwa amepita mara mia na kisanduku chake begani, kwenye jua na kwenye matope ya Januari.

Mwishowe alivua miwani akaifuta kwa pindo la kitambaa.

"Miye nilizania hizi njia zitazikwa na miye," alisema.

Alikwenda kuswali adhuhuri, nami nikabaki na Imani tukiandika herufi tatu tatu kama watoto.

Lakini hatukuwa tumemaliza. Juma la kwanza la matumizi nilikuwa nimeichanganya orodha yetu na ile ramani ya mji mzima, yote kwa mpangilio wa herufi, na kuna Mapendo nyingine Kampemba, inayotangulia. Mzee mmoja wa Kasungami mwenye presha akagusa ya Kampemba, na Stéphane akaenda upande usio wake. Safari hii alipiga simu mapema, akageuza, akafika baada ya dakika thelathini. Mimi nililalamika kwamba neno Kampemba lilikuwa limeandikwa pale, mzee angesoma. Mama Rachida hakukubaliana nami. Alimfuata yule mzee, akampa simu, akamwambia ajaribu tena huku yeye akimtazama. Kisha akaja kwangu.

"Muntu mwenye iko na maumivu hana wakati ya kusoma. Anagusa ya kwanza tu. Weka yake ikuwe ya kwanza."

Niliibomoa orodha nikaipanga upya. Sasa simu ikikubali kuonyesha ilipo, milango ya karibu inatangulia. Chini ya kila jina, kwa herufi nene, nikaweka komini na alama moja ya kuonekana: kisima, ukuta, karavati. Na mwisho wa orodha nikaweka mstari mmoja unaosema Sehemu yangu haipo hapa, ambao ukiguswa unakuachia uandike mwenyewe unavyojua. Huo mstari ulikuwa wazo lake pia. Alisema kila mwezi kuna nyumba inayoezekwa, na mwenye nyumba hiyo naye anaugua.

Siku nitakayoikumbuka zaidi ni Jumanne moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi. Mama Rachida alikuwa amekuja ofisini kwetu kunipa avenyu mbili mpya. Alikuwa amekaa pembeni yangu na kikombe cha chai, Stéphane akiosha gari uani. Kompyuta ikalia. Kwenye kioo ukatokea mstari: Chilufya, miaka ishirini na miwili, mimba, maji yametoka, niko peke yangu. Na mahali: Tshisenda, Kasungami, mlango wa mbao, mkabala na mti uliokatwa.

Nilimwita Stéphane, akaondoka na povu bado likiwa kwenye vioo. Kisha nikaangalia jinsi ombi lilivyoandikwa, maana fomu inanionyesha. Yule binti alikuwa ameandika herufi tatu, c, i, s. Tena kwanza alikuwa amekosea, akaandika c, i, d, akafuta. Kutoka herufi ya kwanza hadi kugusa mlango wake zilipita sekunde tisa.

Mama Rachida alikuwa ameshaweka kikombe chini. Aliusoma ule mstari midomo ikitikisika. Alisema mti ule ulikuwa mukuyu, waliukata mwaka wa mvua kubwa, na kisiki bado kinaonekana. Hakusema nani anakaa pale, ingawa nina hakika alijua. Tulikaa tukitazama nukta ndogo ya gari ikitoka mjini, ikipita njia kuu, ikikata kushoto. Ilipoingia kwenye njia za vumbi nilisogeza uso karibu na kioo, kwa sababu hapo ndipo tulipokuwa tukipotea. Haikusita. Ilipita njia nne kwa Mama Kiki, ikachukua kulia, ikaenda moja kwa moja, ikasimama.

Dakika kumi na saba.

Stéphane alitusimulia baadaye. Alikuta kisiki, akakuta mlango wa mbao uko wazi, na Chilufya amepiga magoti sakafuni akishikilia kiti. Hakukuwa na muda wa kumhamisha. Mtoto alizaliwa palepale kwenye mkeka, msichana, kitovu kikiwa kimezunguka shingo mara moja. Stéphane alikilegeza kwa kidole. Mtoto alikawia kulia, akamsugua mgongo, akamgeuza, akamsugua tena, na hatimaye akalia. Simu iliyotumika kutuita ilikuwa sakafuni karibu na mkeka, bado inawaka, na kwenye kioo chake fomu yetu ilikuwa inasema: Tunakuja.

Alipotupigia kutueleza kwamba wote wawili wazima na wako njiani kwenda hospitali ya uzazi, niliweka sauti nje ili Mama Rachida asikie. Alisema Alhamdulillah, polepole, mara tatu. Halafu akaegemea kiti akaitazama kompyuta kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama radi mbali juu ya mji, bila hofu, lakini pia bila kuthubutu kuigeuzia mgongo. Nami nilikuwa namtazama yeye. Nilijua kila mstari wa ile programu, niliuandika mwenyewe, na bado sikuweza kujieleza vizuri imekuwaje hatua za mwanamke huyu, za miaka ishirini na mitatu, zikageuka kuwa sekunde tisa mkononi mwa binti mwenye uchungu.

Tangu hapo mambo yamekua. Kasungami sasa ina milango elfu tano na zaidi kwenye orodha. Relais wa kartie nyingine wamekuja kujifunza, wanawake wengi wao, kila mmoja na madaftari yake ndani ya mfuko, na Mama Rachida huwa anaanza nao kwa kuwaambia habari ya majina ya watoto kabla hajawaambia jingine lolote. Bado anatoa matone wakati wa kampeni. Bado anamwagilia lengalenga. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo siku za matembezi marefu Stéphane hutushusha mwanzo wa avenyu.

Wiki iliyopita tulikwenda mbali zaidi ya mashamba, sehemu ambayo mwaka jana ilikuwa majani matupu. Viwanja vimegawanywa, vijiti vimechomekwa, nyumba sita zimeshasimama na nyingine zinaanza. Mwanamume mmoja aliyekuwa akifyatua matofali alituuliza tunafanya nini. Tulipomweleza, aliwaita majirani. Wakakusanyika watu kama kumi, na ikaonekana kwamba njia yao haina jina. Mmoja akasema basi Mama Rachida aipe, kwa kuwa yeye ndiye anayejua njia zote.

Alikataa, akawarudishia wenyewe.

"Benye banaikala hapa njo banapashwa kuipa jina," alisema. "Miye nitaandika tu."

Wakaanza kujadiliana. Mwingine alitaka jina la kijiji cha mama yake, mwingine alitaka jina la ndege wanaotua pale asubuhi. Mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni alisema wasiharakishe, hilo ni jambo ambalo wajukuu watalitamka. Mama Rachida alikaa juu ya tofali, miguu ameinyoosha, akiwasikiliza mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisimama pembeni na simu mkononi, kisanduku kiko wazi, nikingoja.